Boko Boko ya Waarmenia

Mla boko boko akifika Armenia hatakuwa mgeni jikoni. Huko huitwa harisa: ngano iliyokobolewa na nyama ya kondoo au kuku, hupikwa kwa moto mdogo saa nyingi, ikapondwa kwa mwiko hata nyama ikapotelea ndani ya ngano, kisha ikatiwa siagi.

Kwa wenyeji wa asili wa Musa Dagh, nchini Uturuki, chakula hiki ni kumbukumbu. Mwaka 1915 walikataa amri ya Waosmani ya kuwahamisha, wakapanda mlimani wakapigana, mpaka manowari za Kifaransa zikawaokoa. Kila Septemba wazao wao hukesha wakipika harisa, na asubuhi humgawia kila ajaye. Wengi vijiji vya wazee wao wamevikosa, chungu wanacho.