Klova: Jani la Malisho Lililozaa Dawa ya Moyo

Mfugaji wa miinuko ya Kibondo na Kasulu anaweza kuishi miaka mingi bila kulisikia jina la klova. Hata hivyo, mgonjwa aliyewekewa vali bandia ya moyo, pengine jirani yake, humeza kila siku kidonge ambacho historia yake ilianzia kwenye majani makavu ya ndugu wa mmea huo.

Klova si karafuu. Karafuu ni matumba ya maua ya mti mkubwa unaostawi Unguja na Pemba. Klova ni mmea mdogo wa jamii ya kunde, ambao kila jani lake kwa kawaida lina vipande vitatu. Spishi zake ni takribani 250. Klova nyeupe, Trifolium repens, hutambaa. Klova nyekundu, Trifolium pratense, husimama. Afrika Mashariki ina za kwake: Trifolium semipilosum ya nyanda za juu, na Trifolium usambarense iliyopewa jina la milima ya Usambara.

Mizizi yake, kama ya maharage, hubeba vifundo vyenye bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani na kurutubisha udongo. Ng'ombe hupata protini, nyuki hupata maji matamu ya maua. Lakini ng'ombe mwenye njaa akila klova mbichi kwa wingi, tumbo hujaa gesi na anaweza kufa. Ndiyo maana huchanganywa na nyasi.

Katika miaka ya 1920, ng'ombe wa Kanada na Marekani walianza kufa kwa kutokwa na damu, hata baada ya kukatwa pembe tu. Daktari wa mifugo Frank Schofield alibaini chanzo chake: majani ya klova tamu, Melilotus, yaliyoota ukungu. Ukungu hugeuza kumarini, inayoyapa majani hayo harufu nzuri, kuwa dikumaroli, ambayo huzuia vitamini K isisaidie damu kuganda. Karl Paul Link na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin waliitenga kemikali hiyo, na utafiti wao ukazaa wafarini. Mwaka 1948 iliuzwa kama sumu ya panya. Mwaka 1954 iliruhusiwa Marekani kwa matibabu ya binadamu. Kilichoua ng'ombe, kikipimwa vyema, huzuia damu isigande kwenye vali na kusababisha kiharusi.

Neno la msingi ni kupimwa. Mgonjwa anayetumia wafarini asikose kipimo cha INR. Sombe, mchicha na matembele vina vitamini K nyingi. Havikatazwi, ila viliwe kwa kiasi kinacholingana wiki hadi wiki. Metronidazo, kotrimoksazo na flukonazo huongeza nguvu ya wafarini. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huipunguza. Mhudumu wa zahanati aulize kuhusu wafarini kabla ya kuandika dawa hizo. Mwanamke anayetarajia kupata mimba azungumze na daktari mapema, kwa kuwa wafarini inaweza kudhuru kijusi. Asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe.

Klova nyekundu huuzwa pia kama chai au vidonge kwa wanawake waliokoma hedhi. Ina viambato vinavyofanana na homoni ya estrojeni, na ushahidi wa manufaa yake haulingani. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti, au anayetumia wafarini, asiitumie bila ushauri wa daktari.

Kinyesi cheusi, mkojo wenye damu, fizi zisizokoma kutoka damu au maumivu makali ya kichwa ya ghafla ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo kwa mtoto aliyekula sumu ya panya, hata akionekana mzima: nyingi za sumu hizo ni ndugu wa wafarini, na damu huweza kuanza kumtoka siku kadhaa baadaye. Mzazi aende na pakiti ya sumu hiyo mkononi; vitamini K inayomwokoa mtoto hutolewa mapema zaidi pale mhudumu anapojua anapambana na nini.