Hita ya Ndoo Ikiungua Bunda, Nani Atajua?

Mwezi wa sita na wa saba, alfajiri, maji yaliyolala kwenye ndoo usiku kucha si ya kuogea kirahisi, iwe Musoma mjini, Bunda au kule Butiama. Huku kwetu hatuna haja ya hita za kupasha chumba joto kama watu wa Ulaya. Hita yetu ni ile ya kutumbukiza kwenye ndoo: unachomeka, unasubiri, unachomoa, unaoga.

Sasa tuulizane. Ikigundulika leo kwamba aina fulani ya hita hizo ina kasoro na inaweza kuunguza nyumba, wewe uliyeinunua utapataje habari?

Tuanze na kifaa chenyewe. Ndani ya ule mrija wa chuma uliojikunja kuna waya mwembamba wa nikromu, na kati ya waya na mrija umejazwa unga wa oksidi ya magnesi. Unga huo unapitisha joto lakini hauupitishi umeme. Kupasha lita 20 kutoka nyuzi 22 hadi 40 kunahitaji kama kilojuli 1,500. Hita ya wati 1,500 hutoa kilojuli moja na nusu kila sekunde, kwa hiyo ni dakika kama 17 hivi. Muda wote huo, kwa umeme wetu wa volti 230, inavuta ampea 6.5.

Kasoro zinajificha sehemu mbili. Ya kwanza ni mrija. Ukipata ufa, au ncha zake zisipozibwa vizuri kiwandani, unyevu unaingia kwenye unga, na umeme unapata njia ya kufika kwenye maji. Kama hita ina plagi ya pini mbili tu, haina waya wa ethi wa kuupeleka umeme huo ardhini. Anayeingiza mkono kupima kama maji yamepata moto ndiye anakuwa njia.

Sehemu ya pili ni viungo: pale waya unapokutana na pini ya plagi, au pini inapokutana na soketi. Joto la kiungo ni mkondo, mara mkondo tena, mara ukinzani. Kiungo kilichokaza vizuri kina ukinzani mdogo sana, chini ya sehemu moja ya mia ya om, na joto lake halifiki hata nusu wati. Kikilegea ukinzani ukafika nusu om, kinatoa wati 21, ndani ya nafasi ya punje ya hindi. Hiyo inakaribia pasi ya kulehemu ya fundi redio, imefungiwa ndani ya plastiki! Halafu fyuzi haisaidii hapo, kwa sababu mkondo haujaongezeka. Fyuzi inaona ampea 6.5 zilezile na inatulia.

Utasema, si walipima kiwandani? Walipima. Ila kuna tatizo la hesabu. Chukua mfano wa Marekani. Mwaka 2018 kampuni ya Vornado ilitangaza kurudisha hita ndogo za chumba za modeli ya VH101, kama 350,000, kwa sababu zingeweza kupata moto kupita kiasi na kuwaka. Ripoti zilizokuwa zimepokelewa hazikuzidi 20. Tukichukua 20 kamili, ni hita moja kwa kila 17,500. Ukipima hita 100 maabara, uwezekano wa kukutana na hata moja ya namna hiyo ni chini ya asilimia moja. Kasoro adimu haionekani maabara. Inaonekana nyumbani kwa watu, bidhaa ikishauzwa kwa wingi.

Kwa maneno mengine, mwito wa kurudisha bidhaa hauanzi na mkaguzi. Unaanza na mtu mmoja ambaye plagi yake imenuka moshi, akasema. Wa pili akasema, wa kumi akasema, na mtu fulani ofisini akagundua kwamba wote wanataja modeli ileile.

Hapo ndipo sisi tunapokwama. Hita ikiungua Bunda, tunafanyaje? Tunaitupa jalalani, tunatukana kidogo, tunanunua nyingine kwenye duka lilelile. Haina jina la maana, haina modeli, haina namba, risiti hatukuchukua. Hata ungetaka kusema, ungesema ni hita ipi?

Namba si urembo. Aprili 2024, nchi kadhaa za Afrika, Kenya, Nigeria na Tanzania zikiwemo, ziliondoa sokoni dawa ya kikohozi ya watoto ya Benylin. Haikuwa Benylin zote. Lilikuwa toleo moja, lenye namba yake kwenye chupa. Mzazi aliweza kugeuza chupa, akasoma, akajua. Hita isiyo na namba haina pa kugeuzia.

Kuna na vya mtumba. Kifaa kilichotangazwa kirudishwe huko kilikotoka kinaweza kuuzwa tena na mtu asiyejua, na tangazo lisikifuate. Tena kama kilitengenezwa kwa volti 120 za Marekani, kwenye volti 230 kinavuta nguvu zaidi ya mara tatu na nusu ya ile kilichoundiwa. Hicho hakihitaji kasoro nyingine.

Basi tufanye nini? Kabla ya kulipa, geuza kifaa. Tafuta jina la mtengenezaji, modeli, volti na wati, na alama ya ubora ya TBS au ya shirika la viwango la nchi kilikotoka, mfano KEBS kwa kinachopitia Sirari. Kama hakina chochote, kiache hata kama ni bei chee. Dai risiti, kisha piga picha risiti na kibandiko kwa simu yako, maana karatasi hupotea.

Ukiwa nyumbani, chomeka hita kwenye soketi ya ukutani, si kwenye ekstensheni nyembamba yenye televisheni na chaja tatu. Izamishe majini kwanza ndipo uwashe. Zima na uchomoe kabla ya kugusa maji, kila siku, hata ukiwa umechelewa kazini. Baada ya kuoga, shika plagi: ikiwa ya moto, acha kuitumia.

Na ikiungua, usiitupe kimya kimya. Ipige picha, rudi dukani, kisha toa taarifa TBS. Kama unahisi ni bidhaa bandia, hiyo ni kazi ya Tume ya Ushindani, FCC. Zote mbili zina ofisi Mwanza kwa Kanda ya Ziwa. Taarifa yako moja pengine haitabadilisha kitu. Lakini kama kuna mwingine Musoma na mwingine Butiama ambao zao zimeungua vilevile, ninyi watatu ndio mtakaoonyesha kasoro ambayo maabara haikuiona.