Namna ya Kuchagua Programu ya Kazi za Pamoja Ofisini



Ndugu wasomaji, wengi katika wanafunzi wetu wanaomaliza masomo wataingia makazini, na wazazi wengi wanaosoma jarida hili tayari wako huko: madukani, hospitalini, mashuleni, katika vyama vya akiba na mikopo. Kila mahali siku hizi swali ni lile lile. Nyaraka zetu tuziweke wapi, na tutumie programu gani ili watu wengi wazifanyie kazi kwa pamoja bila ya kuharibiana? Makala hii inakusudia kulieleza jambo hilo kwa mtu asiyekuwa mtaalamu wa kompyuta.

Kwanza tulielewe tatizo lenyewe. Karani anaandika bajeti kwenye kompyuta yake, kisha anaituma kwa barua pepe kwa watu watatu. Kila mmoja anairekebisha kivyake. Baada ya wiki kuna bajeti nne. Moja imepewa jina la "ya mwisho", nyingine "ya mwisho kabisa", na hakuna ajuaye ni ipi iliyopitishwa kikaoni. Ofisi nyingine zimehamishia kila kitu kwenye kundi la WhatsApp. Huko kuanza ni rahisi, lakini kutafuta ni kazi: risiti ya mwezi wa tatu imefukiwa chini ya salamu za Idi, na mtu akibadilisha simu bila ya kuweka nakala ya akiba, alichokuwa nacho kimekwenda.

Programu za kusimamia nyaraka zimebuniwa kwa ajili ya hali kama hiyo. Waraka unakaa mahali pamoja. Kila mfanyakazi anaingia kwa jina lake na neno lake la siri, na msimamizi anaamua nani asome tu, nani aandike, nani apitishe. Kila badiliko linawekewa kumbukumbu: limefanywa na nani na saa ngapi. Mtu akifuta ukurasa kwa bahati mbaya, nakala ya jana inarudishwa.

Programu hizo ni nyingi. SharePoint ya Microsoft, iliyotoka mwaka 2001, inatumika zaidi katika makampuni makubwa na idara za serikali. Google Docs, iliyotokana na Writely ambayo Google iliinunua mwaka 2006, inawawezesha watu kuandika ukurasa mmoja kwa wakati mmoja. Ziko wiki, ambayo ya kwanza ilianzishwa na Mmarekani Ward Cunningham mwaka 1995. Na ziko za kuendeshea tovuti, kama WordPress, Drupal na Joomla.

Hapa tusimame kidogo, kwani hili jina Joomla ni letu. Ni neno "jumla" la Kiswahili, lililoandikwa hivyo ili Waingereza waweze kulitamka. Wanafunzi wa nahau wanalijua kutoka Kiarabu, katika jumla ismiyya na jumla fi'liyya; sisi wengine tunalijua zaidi kwa duka la jumla. Waliolichagua walitaka maana ya "wote kwa pamoja", na walikuwa na sababu.

Kabla yake kulikuwa na programu iitwayo Mambo, iliyoanzishwa na kampuni ya Miro ya Australia. Kampuni hiyo ilikuwa imeitoa kwa leseni ya GPL, yaani leseni inayomruhusu mtu yeyote kuitumia programu, kuisoma ndani, kuibadilisha na kuigawa. Watu wa nchi mbalimbali wakajitolea kuijenga. Mwaka 2005 ikaundwa taasisi ya kuisimamia Mambo, na wale waliokuwa wakiijenga wakalalamika kwamba hawakushirikishwa ipasavyo. Mwezi wa Agosti mwaka huo wakaondoka kwa pamoja, wakiongozwa na Andrew Eddie. Jina la Mambo hawakuweza kulichukua, kwa kuwa lilikuwa na mwenyewe. Lakini kazi yenyewe waliichukua, kwa sababu leseni iliwapa haki hiyo. Mwezi wa Septemba wakatoa Joomla ya kwanza. Ofisi zilizokuwa na tovuti za Mambo ziliweza kuwafuata bila ya kupoteza maandishi yao, na Mambo yenyewe baadaye ikafifia.

Jambo kama hilo lilitokea tena mwaka 2016, pale Frank Karlitschek, mwanzilishi wa ownCloud, programu ya kuhifadhi na kushirikiana mafaili, alipoondoka na wenzake wakaanzisha Nextcloud.

Sasa tulinganishe na Google Wave. Ilitangazwa mwaka 2009 kwa kishindo, kwamba itaunganisha barua pepe, mazungumzo na nyaraka mahali pamoja. Agosti 2010 Google ikasema haitaiendeleza tena, na mwaka 2012 ikafungwa kabisa na vilivyobaki humo vikafutwa. Watumiaji walipewa muda wa kutoa vitu vyao, naam, lakini uamuzi haukuwa wao.

Ndiyo maana kwa maoni yangu swali la kwanza si "programu hii inafanya nini?" Wauzaji watakuonyesha mengi, na nusu yake hutayatumia. Uliza: siku tukitaka kuondoka, tutatokaje na mafaili yetu? Katika nyaraka hizo kuna majina ya watoto, madeni ya watu, habari za wagonjwa. Hiyo ni amana.

Lakini asidanganyike mtu kwamba programu huria haina gharama. Inahitaji kompyuta ya kuikalia au nafasi ya kukodi, na inahitaji fundi. Joomla ya 3 ilifikia mwisho wa kuhudumiwa Agosti 2023. Aliyebaki nayo bila ya kuihuisha anakaribisha wezi wa mtandao. Ofisi ya watu watano isiyo na fundi huenda ikafaa zaidi kulipia huduma ya kampuni kwa mwezi, mradi ipige hesabu kwa kila mtumiaji na kwa mwaka mzima, pamoja na bando la intaneti. Pia ijaribu inavyokuwa umeme au mtandao unapokatika.

Jaribuni kwa mwezi mmoja na kazi moja tu, tuseme kumbukumbu za vikao. Mwisho wa mwezi toeni kila kitu mkifungue kwenye kompyuta nyingine; kisipofunguka, tafuteni programu nyingine mapema. Na neno la siri la msimamizi walijue watu wawili wa ofisini. Akilijua fundi wa nje peke yake, siku akihama mji hata programu huria itakuwa imefungwa kwa wenyewe.