Bamba la barafu likivunjika, nani hupandiwa na maji?

Katika mtaa wa Northfield, kusini mwa jiji la Birmingham, kando ya baa ya kale iitwayo Great Stone, kuna jabali lililowekwa ndani ya ua mdogo uliokuwa zizi la mifugo iliyopotea. Si jiwe la hapo. Jabali hili lilitokana na volkano za kale, na wanajiolojia hulifuatilia hadi milima ya Arenig, kaskazini mwa Wales, zaidi ya kilomita 100 kutoka Northfield. Mengine ya aina yake yametapakaa kusini mwa jiji, katika bustani za umma, kando ya barabara, hata kwenye viwanja vya nyumba za watu. Iliyoyabeba ni barafu, yapata miaka 450,000 iliyopita.

Barafu hutembea. Theluji ikirundikana mwaka baada ya mwaka hushindiliwa na uzito wake wenyewe hadi ikawa barafu tupu, na unene ukifika makumi ya mita, ile barafu ambayo mkononi ni ngumu kama jiwe huanza kutiririka polepole kuteremka bondeni. Birmingham iliachwa na barafu zamani sana. Huko Antaktika, kazi hiyo inaendelea leo.

Barafu ya Antaktika ikifika baharini haikatiki papo hapo. Hunyanyuka kutoka kwenye mwamba na kuelea, ikawa bamba pana lenye unene wa mamia ya mita, ambalo bado limeshikamana na barafu ya nchi kavu nyuma yake. Likishaelea, bamba hutanuka na kukonda kwa uzito wake, mfano wa asali nzito iliyomwagwa katikati ya sinia. Pale linapoachana na mwamba, maji yakijaa na kupwa hulipandisha na kulishusha kila siku. Hapo ndipo nyufa nyingi huanzia.

Watu wengi hudhani hatari ni kuyeyuka kwa bamba lenyewe. La hasha. Barafu inayoelea tayari imeshachukua nafasi yake majini, kwa hiyo ikiyeyuka kina cha bahari hakibadiliki ila kidogo mno. Kazi yake kubwa ni nyingine: hujibana kwenye kuta za ghuba na kukwama juu ya vilima vya chini ya maji, na hivyo kuizuia barafu ya bara isishuke kwa kasi.

Ushahidi ulikuja mwaka 2002, kwenye bamba la Larsen B, mashariki mwa Rasi ya Antaktika. Lilikuwa limedumu kwa takriban miaka 10,000. Majira ya joto ya mwaka huo yalikuwa makali, na picha za setilaiti zikaonyesha maelfu ya vidimbwi vya rangi ya buluu juu yake. Maji ni mazito kuliko barafu. Yakijaa ndani ya ufa, mgandamizo wake kule chini huzidi nguvu ya barafu inayotaka kuufunga, na ufa huzidi kwenda chini hadi ukatokeza upande wa pili. Bamba likakatika vipande vyembamba vyenye kimo kirefu, vikapinduka na kusukumana. Katika siku 35 hivi, kilomita za mraba 3,250 zilikuwa zimesambaratika. Eneo hilo linazidi Unguja na Pemba zikiunganishwa.

Kilichofuata ndicho chenye uzito zaidi. Barafuto (mito ya barafu) za Hektoria, Green na Evans, zilizopoteza kizuizi chao, ziliongeza mwendo mara kadhaa. Jirani zao Flask na Leppard, ambazo bado zilikingwa na kipande cha bamba kilichosalia, karibu hazikubadilika. Ni vigumu kupata jaribio bora kuliko hilo, ingawa hakuna aliyelipanga.

Si kila mpasuko ni dalili ya maradhi. Waingereza walilijua hilo kwenye bamba la Brunt, ambako kituo chao cha utafiti cha Halley husimama juu ya miguu yenye skii. Ufa ulipoanza kukikaribia, walikivuta kilomita 23 kuelekea bara, mwaka 2016 na 2017. Januari 2023 kipande cha kilomita za mraba 1,550 kikakatika. Mabamba hukatika hivyo tangu zamani, na barafu inayoshuka kutoka bara, pamoja na theluji mpya, huyarudishia. Shida huja upotevu unapozidi malipo.

Upotevu mkubwa leo unatoka chini, mahali jicho lisipofika. Katika Bahari ya Amundsen, maji ya kina yenye nyuzi joto moja hivi juu ya sifuri hupenya kupitia mabonde ya sakafu ya bahari hadi chini ya mabamba. Nyuzi moja inaonekana ndogo, lakini maji ya chumvi huganda kwenye nyuzi 1.9 chini ya sifuri, kwa hiyo joto hilo linatosha kabisa kula barafu. Januari 2020 watafiti walitoboa shimo la takriban mita 600 katika barafuto ya Thwaites, wakateremsha roboti iitwayo Icefin. Iliona upande wa chini umechongeka ngazi ngazi, na kuta za nyufa zikiyeyuka haraka kuliko sehemu tambarare. Thwaites ina barafu ya kuinua bahari zote kwa karibu sentimita 65.

Maji hayo hayatagawanyika sawa. Barafu nyingi huivuta bahari iliyo karibu nayo; ikipungua, mvuto hulegea, na maji huhamia mbali. Ndiyo maana pwani za tropiki, Lamu, Mombasa na Zanzibar zikiwemo, hupata zaidi ya wastani Antaktika inapopoteza barafu. Birmingham, iliyo bara na zaidi ya mita 100 juu ya usawa wa bahari, haitafikiwa na mawimbi. Zanzibar tayari ina mashamba ya mpunga yaliyoingiwa na maji ya chumvi. Na chumvi haiishii shambani: katika pwani ya Bangladesh, watafiti wamehusisha maji ya kunywa yenye chumvi na shinikizo la damu kwa wajawazito. Kwa pwani ya Waswahili, kupima chumvi ya visima mara kwa mara ni kazi ya idara za maji na za afya pia, na inaweza kuanza sasa.