Mgonjwa Hupimwaje Kabla ya Kupewa Mapafu Mapya?

Mapafu yakiharibika kabisa na dawa zikishindwa, madaktari wanaweza kumpandikiza mgonjwa mapafu ya mtu aliyefariki. Lakini hapewi hivi hivi tu. Huchunguzwa kwanza, na uchunguzi wenyewe si mchezo.

Kazi hii ilianza Marekani mwaka wa 1963. Daktari James Hardy alimpandikiza mtu pafu moja huko Mississippi, naye akaishi siku 18 tu. Mwaka wa 1983, Daktari Joel Cooper na wenzake huko Toronto, Kanada, walifaulu: mgonjwa wao aliishi zaidi ya miaka 6.

Madaktari hutaka kujua mambo mawili. Je, mgonjwa amezidiwa kiasi cha kuhitaji mapafu mapya? Na je, bado ana nguvu za kustahimili upasuaji? Akipasuliwa mapema mno anahatarisha maisha bure; akichelewa, mwili umekwisha.

Kwa hivyo hupuliza hewa kwa nguvu katika mashine. Kisha hutembea dakika 6 mahali tambarare, ukapimwa umbali aliofika na oksijeni iliyo katika damu. Moyo, figo na ini hukaguliwa. Hutafutwa kansa na kifua kikuu kilichojificha. Hata meno hutazamwa! Sababu ni kwamba atameza dawa maisha yake yote ili mwili usiyakatae mapafu mageni, na dawa hizo hupunguza kinga. Jino bovu laweza kumletea balaa. Kundi la damu na kimo pia hupimwa, kwani mapafu ya mtu mrefu sana hayaenei katika kifua cha mfupi.

Mvutaji sigara lazima aache kwanza, na hospitali nyingi hutaka miezi 6 au zaidi. Maneno matupu hayatoshi. Damu au mkojo hupimwa. Mwisho huulizwa: nani atakuangalia nyumbani?

Akikubaliwa, huandikwa katika orodha ya wanaongoja. Zamani kule Marekani aliyengoja sana ndiye aliyetangulia. Kumbe wengine huzidiwa upesi, wakafa wakiwa kwenye foleni! Tangu mwaka wa 2005 mgonjwa hupewa alama kulingana na hatari ya kufa akingoja na matumaini ya kuishi baada ya upasuaji. Mwaka wa 2023 mpango huo ulipanuliwa, ukajali pia wale ambao ni vigumu kuwapatia mapafu yanayowafaa.

Wengine watasema ni ukatili kumpa binadamu alama kama za mtihani. Mimi naona ni haki. Mapafu ni machache. Akipewa asiyeweza kustahimili, huenda akafa yeye, na yule ambaye yangemwokoa akafa pia.

Si wote wanaougua mapafu waliovuta sigara, la hasha. Lakini wewe mwenzangu unayejificha nyuma ya choo na kipande cha sigara, kumbuka kinga ni bora kuliko tiba, hasa tiba ambayo ina mtihani wa kuingilia.