Kasiterite ya Walikale mbele ya leza: upande njo unaamua

Sisi wa Masisi na Walikale tunajua kuongea juu ya mawe kwa kilo. Kasiterite ya Bisie iko na bati asilimia ngapi? Koltani ya Rubaya inauzwa ngapi leo? Lakini kuna swali moja hatuliulizi: ukimulika jiwe kutoka upande huu, kisha kutoka upande ule, litajibu vilevile? Mimi nilisoma agronomia, si fizikia, lakini nimefuata swali hili mpaka nikaelewa. Jibu ni hapana, na hiyo hapana ina faida kubwa.

Tuanze na ukuni. Ukiupasua kwa kufuata nyuzi zake, shoka moja inatosha. Ukitaka kuukata kwa kupita katikati ya nyuzi, utatoka jasho. Ukuni ni ule ule, shoka ni ile ile. Kilichobadilika ni upande tu.

Kristali nayo iko vile. Kasiterite ni bati na oksijeni, atomu zimepangwa mu visanduku vidogo sana. Kitako cha kila kisanduku ni mraba wa nanometa 0.474 kila upande, lakini kimo chake ni nanometa 0.319 tu. Basi kimo si sawa na kitako, na kristali nzima inakuwa na mhimili wake.

Mwangaza nao ni mtikisiko. Unapoenda mbele, unatikisa elektroni kwa upande. Mu kasiterite safi, mtikisiko ukikata ule mhimili, mwangaza unaanza kumezwa kwenye nguvu ya karibu elektronivolti 3.6. Ukifuata mhimili, lazima ufike karibu 4. (Kasiterite yetu iko nyeusi ao kahawia sababu ya chuma na vitu vingine ndani yake. Ile safi inapitisha mwangaza kama kioo.)

Sasa tulete leza ya kijani. Kila chembe ya mwangaza wake, ile tunaita fotoni, iko na elektronivolti 2.33. Haifiki 3.6, kwa hiyo inapita paka hivi, jiwe halimezi kitu. Lakini ukikaza leza mpaka iwe kali sana, jiwe linaanza kumeza. Kwa nini?

Fikiria lori imekwama mu matope kwenye barabara ya Sake kwenda Masisi. Kundi moja linasukuma, lori haitoki. Linaenda kupumzika, kundi la pili linakuja kusukuma, haitoki. Wakisukuma wote wakati mmoja, inatoka. Fotoni mbili zikifika pamoja kwa elektroni moja, 2.33 na 2.33 zinakuwa 4.66, na mpaka unavukwa. Mu mwangaza wa kawaida fotoni haziko nyingi za kutosha kukutana vile. Mu leza kali zinakutana. Na hesabu yake haiko ya kawaida: ukiongeza ukali mara mbili, kumeza huku kunaongezeka mara nne, ukiongeza mara tatu, mara tisa.

Mwanamke mmoja, Maria Göppert-Mayer, njo alitabiri jambo hili mu tezi yake ya mwaka 1930 kule Göttingen, Ujerumani. Leza ya kwanza ilitokea 1960, na mwaka 1961 watafiti wakaliona kwa macho.

Upande unaingia wapi? Kila fotoni inasukuma kwa upande wake, na sasa ziko mbili, kwa hiyo upande unahesabiwa zaidi. Tena sheria inabadilika. Mu kasiterite, hali ya elektroni kabla ya kuruka na hali yake kisha kuruka ziko za jamii moja. Fotoni moja lazima ibadilishe jamii, basi pale mpakani mlango wake karibu umefungwa. Fotoni mbili zinabadilisha mara mbili, yaani zinarudisha mahali pa kwanza, na mlango unafunguka. Mwaka 1978 Fröhlich, Kenklies na Helbig walitumia njia hii ya fotoni mbili kujua mpaka wa kasiterite uko wa aina gani.

Kuna kristali zenye visanduku vya pande zote sawa, kama galiamu arsenidi. Kwa mwangaza wa kawaida, zinameza sawasawa kila upande. Kwa leza kali, ukizizungusha, kumeza kunabadilika! Ukali wa mwangaza unaonyesha pande ambazo zilikuwa zimefichwa.

Hii si mchezo wa maprofesa. Kristali ikimeza leza nyingi, inapata moto na inaweza kupasuka, kwa hiyo fundi anachagua upande wa kuikata. Litiamu tantalati, yenye kutengenezwa na tantali, ile ile tunachimba mu koltani, inakatwa kwa pembe ya digrii karibu 42 ili kuchuja mawimbi ya redio mu simu. Ukikosa pembe, kazi inaharibika. Tantali inatoka kwetu mu gunia. Ujuzi wa pembe uko kwa wengine, na wao njo wanalipwa juu yake.

Bandugu wa jeolojia na fizikia, tunaweza kuanza bila maabara kubwa. Mutoe ile karatasi ya kijivu iko juu ya kioo cha kalkileta iliyokufa: inapitisha mtikisiko wa upande mmoja tu. Muweke kipande chembamba cha turmalini ya kijani mbele ya dirisha, muzungushe karatasi juu yake polepole. Rangi itakolea, kisha itafifia. Pale munaona upande kwa macho yenu. Leza musiangalie hata kidogo, ile inaua macho. Na mukipata kristali nzima ya kasiterite yenye nyuso zake, muichore na mupime pembe zake mbele ya kuitupa mu gunia, sababu ikisagwa, bati inabaki lakini upande unapotea.