Mtoto Anaposema kwa Sauti Kuhusu Mtu Asiyemjua

Uko kwenye foleni ya kulipa dukani. Mtoto wako wa miaka minne ananyoosha kidole: "Mama, mbona yule baba hana mguu?" Watu wanageuka. Wengi wetu hapo tunamfinya mtoto na kumwambia, "Nyamaza!"

Mtoto wa umri huo hatukani. Ameona jambo jipya, anauliza. Kujua kwamba neno lake linaweza kumuumiza mwingine ni jambo analojifunza polepole. Na hapa Marekani mapya ni mengi: nywele za bluu, mbwa ndani ya basi, viti vya magurudumu vinavyotumia umeme. Tangu sheria ya mwaka 1990 inayolinda haki za watu wenye ulemavu, mabasi na maduka yanatakiwa kuwa na njia ya kuwapitisha, kwa hiyo mtoto atakutana nao mara nyingi.

Ukimnyamazisha na kumvuta mbali, anajifunza kwamba mguu ule ni aibu. Na yule baba anakuona ukimkimbia. Jibu fupi linatosha, kwa sauti ya kawaida: "Ndiyo, ana mguu mmoja. Ile fimbo inamsaidia kutembea. Mengine tutaongea nyumbani." Kisha mtazame yule mtu, umsalimie. Akionekana ameumia, sema "sori" mara moja. Usianze maelezo marefu. Kofi halifundishi kitu hapo, na mtu akiliona anaweza kuita polisi.

Usitegemee kwamba Kiswahili kinakuficha. Siku moja kwenye basi binti yangu alitangaza, "Mama, bibi huyu ana ndevu!" Nikajisemea, ahsante Mungu, hakuna aliyeelewa. Kijana aliyekaa nyuma yetu akaangua kicheko. Kumbe ametoka Bujumbura. Hata hivyo, kidole kinaeleweka kwa lugha zote, na mtoto akishakaa shuleni kidogo, swali lile lile litatoka kwa Kiingereza.

Jambo linalotusumbua zaidi ni unene. Kwetu kumwambia mtu "umenenepa" mara nyingi ni kumsifu: maana yake anaishi vizuri. Hapa linachoma, hata likisemwa kwa upendo. Watoto wanalisikia kwetu sisi wakubwa, basi tuanze na midomo yetu. Mweleze mtoto hivi: mwili wa mtu hatuusemi mbele yake, uwe mnene au mwembamba, mweupe au mweusi, mzee au mwenye kovu. Akiuliza kuhusu rangi ya ngozi, mjibu tu kwamba watu wana rangi nyingi. Ukikasirika, atadhani rangi ni jambo baya.

Nawe utaulizwa. Mtoto wa mwenzio atashangaa kitenge chako, hijabu yako, au namna unavyombeba mtoto mgongoni, na mama yake atakuwa amekufa kwa haya. Tabasamu, umjibu mtoto. Huyo mama atashukuru.

Kabla ya kutoka nyumbani, patana na mwanao: "Ukiona kitu cha kushangaza, nibonyeze mkono, uninong'oneze." Atasahau mara ya kwanza, na ya pili. Mkumbushe tena mlangoni, kila mnapotoka. Na mbwa aliyevaa fulana ya kazi asimwite wala asimguse: anamsaidia mwenyewe, yuko kazini.